Mtandao wa akiba: Njia ya pili nayo ipitie kwa mlinzi

Wakazi wa Ikonge, kama wakazi wa kituo kingine chochote cha biashara katika Nyamira na Kisii, wameizoea kauli ya "sistimu iko chini." Husikika kwenye dirisha la malipo, benki, saiba, na siku hizi hata hospitalini. Anayeisikia hukaa kungoja, au hurudi nyumbani nauli imekwenda na shughuli haijafanyika.

Uzito wa kauli hiyo umeongezeka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, vituo vya afya huthibitisha uanachama wa mgonjwa na kuwasilisha madai ya malipo kupitia mtandao. Huduma nyingi za serikali, kuanzia vyeti hadi leseni, huombwa kwenye eCitizen. Mtandao ukikatika, mgonjwa hucheleweshwa na mfanyabiashara hukosa stakabadhi yake.

Jibu la haraka ni kuweka njia ya pili ya mtandao, yaani njia ya akiba. Hata hivyo, ofisi yenye laini mbili inaweza kukatikiwa na zote mbili kwa wakati mmoja. Inaweza pia kubaki na mtandao huku milango yake ikiwa wazi kwa wezi wa taarifa. Makala haya yanaeleza jinsi njia ya akiba inavyopaswa kupangwa katika ofisi, hospitali au shule yenye vifaa vya kulinda mtandao, na maswali ambayo mwananchi anaweza kuuliza fedha za kazi hiyo zinapopangwa. Kanuni ni mbili: njia ya pili isitegemee kitu kinachotegemewa na ya kwanza, na kila njia ikaguliwe na mlinzi.

Mlinzi wa lango ni nani?

Katika mtandao wa ofisi, mlinzi huitwa fayawoli. Mara nyingi ni kisanduku cha chuma kinachowekwa kati ya kompyuta za ndani na intaneti ya nje. Kila ujumbe unaoingia au kutoka hupita hapo. Fayawoli hutazama umetoka wapi, unakwenda wapi na unabeba nini, kisha huuruhusu au huuzuia. Kazi yake inafanana na ya askari wa langoni hospitalini, anayeuliza mgeni anamtafuta nani kabla ya kumwelekeza wodini.

Kwa kuwa kila kitu hupita kwake, askari huyo akianguka lango lote husimama. Mafundi hulitazama jambo hili kwa makini: kifaa kilichowekwa kulinda huduma kinaweza kuwa ndicho kitakachoizima. Fayawoli moja, iliyounganishwa na waya mmoja kwenye laini moja na kuchomekwa kwenye soketi moja ya stima, ina sehemu nne ambazo yoyote kati ya hizo ikiharibika, ofisi nzima hukosa mtandao.

Hatari ya pili huja baada ya mtandao kukatika. Foleni ni ndefu, wagonjwa wananung'unika, na mfanyakazi mwenye nia njema anawasha hotspot ya simu yake na kuunganisha kompyuta ya mapokezi. Huduma inarudi na watu wanashukuru. Lakini kompyuta ile, yenye majina, namba za vitambulisho na maelezo ya magonjwa ya watu, sasa inazungumza na dunia moja kwa moja bila kupita kwa mlinzi. Programu hatari ikiingia kwa njia hiyo, itabaki ndani hata laini ya kawaida itakaporudi, na itakuwa tayari upande wa ndani wa lango.

Kukatika kwa mtandao na kudukuliwa kwa mtandao kwa hiyo ni matatizo yanayokwenda pamoja. Ofisi isiyo na njia ya akiba iliyopangwa hutengenezewa njia ya panya na watu wake wenyewe.

Yaliyotokea yanafundisha nini?

Kenya ina historia inayoonyesha thamani ya njia zaidi ya moja. Kabla ya mwaka 2009, nchi ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na dunia. Mwaka huo kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Watu wengi waliamini kwamba kukatikiwa na intaneti kumekuwa jambo la zamani.

Februari 2012 ilionyesha vinginevyo. Kebo kadhaa zinazopita Bahari ya Shamu, EASSy ikiwa mojawapo, zilikatika. Kampuni zilihamishia sehemu ya mawasiliano kwenye TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu. Siku chache baadaye, tarehe 25 Februari, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuikata TEAMS. Njia ya akiba ilikatika wakati tayari ilikuwa imebeba mzigo wa nyingine.

Tarehe 12 Mei 2024 mambo yalikwenda kinyume chake. EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini kwa wakati mmoja, na intaneti ikapungua kasi Kenya, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Safari hii TEAMS, iliyo upande mwingine wa bahari, haikuguswa, ikasaidia kubeba mawasiliano ya Kenya. Kebo iliyokatika mwaka 2012 ndiyo iliyokuwa tegemeo mwaka 2024. Hakuna laini iliyo salama siku zote. Kinachosaidia ni kuwa na laini zinazopita sehemu tofauti, ili ajali moja isizifikie zote.

Kuwa na akiba pekee nako hakutoshi kama haijajaribiwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, jenereta ya baadhi ya kumbi haikuwaka kama ilivyotarajiwa, na abiria wakabaki gizani. Jenereta ilikuwepo. Ilikosekana siku ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Funzo la nne linahusu mashambulizi. Tarehe 27 Julai 2023, huduma za eCitizen zilivurugika baada ya kushambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Shambulizi la aina hiyo hutuma maombi bandia kwa wingi mpaka mfumo uzidiwe na ushindwe kuwahudumia watu wa kweli. Kifaa kinaweza kuwa kizima, stima ipo na laini haijakatika, lakini huduma haipatikani. Anayepanga njia ya akiba anapaswa kujiuliza pia: je, kundi la maombi bandia likifurika kwenye lango la kwanza, lango la pili litakuwa na mlinzi, au litakuwa kichochoro kisichotazamwa na mtu?

Hesabu ya laini mbili

Chukua laini inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda. Inaonekana nzuri, lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia moja ya hizo ni saa 87.6, yaani zaidi ya siku tatu na nusu bila mtandao.

Sasa ongeza laini ya pili, nayo ya asilimia 99, isiyohusiana kabisa na ya kwanza. Ili ofisi ikose mtandao, zote mbili lazima zikatike kwa wakati mmoja. Nafasi ya hilo kutokea ni asilimia moja ya asilimia moja, au mara moja katika 10,000. Kwa mwaka, hiyo ni takribani dakika 53. Laini mbili za kawaida zimegeuza siku tatu na nusu kuwa chini ya saa moja.

Hesabu hii ina sharti moja, kwamba laini hizo zisihusiane. Kama zote zimepita kwenye mtaro mmoja kando ya barabara, tingatinga likichimba hapo hukata zote kwa jembe moja, na ofisi hurudi kwenye siku zake tatu na nusu huku ikilipa bili mbili kila mwezi.

Mahali ambapo laini mbili hukutana bila kuonekana

Chukua mfano wa kituo cha umma kilicho Ikonge kinachotaka njia mbili za mtandao. Kabla ya kutia saini mkataba wowote, kuna mambo matano ya kukagua.

La kwanza ni mtaro. Kampuni mbili zenye nembo tofauti zinaweza kukodi nyuzi ndani ya faiba moja. Jina kwenye bili halionyeshi waya umepita wapi. Mnunuzi anapaswa kudai ramani ya njia ya kila laini, kuanzia ukutani mwa jengo hadi inapoungana na mtandao mkuu. Mahali kama Ikonge, penye barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera, faiba hufuata barabara kwa kuwa ndipo penye nafasi ya kupitisha. Barabara inapopanuliwa, mtaro wa maji unapochimbwa au bomba linapolazwa, waya huwa hatarini.

La pili ni nguzo. Faiba nyingi nchini hutundikwa kwenye nguzo za stima. Lori likigonga nguzo, au mti ukiuangukia waya, stima na mtandao hupotea pamoja. Kituo chenye laini moja ya juu ya nguzo kinafaa kutafuta ya pili iliyo chini ya ardhi au isiyotumia waya.

La tatu ni mnara wa simu. Laini ya simu ni akiba nzuri na rahisi kuweka, lakini mnara wenyewe huunganishwa na mtandao mkuu kwa faiba au kwa mawimbi, na betri zake huisha baada ya saa kadhaa stima ikipotea. Kampuni iulizwe mnara unaohudumia kituo umeunganishwa vipi, na una jenereta au la.

La nne ni setilaiti. Huduma ya Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na faida yake kwa vijiji vya milimani ni kwamba haitegemei mtaro wala nguzo ya jirani. Udhaifu wake ni mvua kubwa, ambayo hudhoofisha mawimbi. Katika nyanda hizi, mvua ya alasiri ni jambo la kawaida. Setilaiti inafaa kuwa mwenzake faiba, kwa kuwa faiba haijali mvua inyeshayo, na setilaiti haijali mtaro uliochimbwa.

La tano ni stima na radi. Laini mbili zinazoingia kwenye vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi moja ni laini moja mbele ya Kenya Power. Kila fayawoli na kila ruta iwe na betri ya UPS, na ikiwezekana ziwe kwenye nyaya tofauti za jengo. Kwa kuwa nyanda za juu za Gusii hupata radi nyingi, waya wa kuunganisha jengo moja na jingine uwe wa faiba isiyo na chuma. Kioo hakipitishi umeme. Waya wa shaba unaweza kuibeba radi kutoka paa la jengo moja hadi ndani ya fayawoli ya jengo la pili, na kuziua fayawoli mbili kwa mpigo mmoja.

Betri nazo zinapimika. Fayawoli, swichi na ruta za ofisi ndogo, kwa mfano, zinaweza kutumia jumla ya wati 100. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Betri ya asidi haifai kushushwa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600, na sehemu ya hizo hupotea kwenye kibadilishi cha umeme. Vifaa hivyo vitaishi takribani saa tano. Ofisi inayojua kwamba stima hukosekana kutwa nzima itahitaji betri zaidi, au paneli ya jua.

Walinzi wawili wanaofahamiana

Baada ya laini kuwa mbili, swali linalofuata ni kama fayawoli nayo iwe mbili. Kwa zahanati ndogo, moja yenye milango miwili ya laini za nje inaweza kutosha, mradi kuwe na nyingine iliyotayarishwa kabatini. Kwa hospitali au makao ya idara, mbili hufanya kazi kama jozi: moja kazini, nyingine ikitazama. Huulizana hali kila sekunde kupitia waya wao wenyewe. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili huchukua zamu.

Jozi hii ina mtego wake. Waya wa kuulizana hali ukikatika, kila fayawoli hudhani mwenzake amekufa, na zote mbili hujitangaza kuwa ndizo zilizo kazini. Mawasiliano huvurugika kama njia panda yenye askari wawili wa trafiki wanaotoa ishara tofauti. Dawa yake ni nyaya mbili za kuulizana, zilizopitishwa sehemu tofauti. Vilevile fayawoli mbili zisifungwe kwenye swichi moja, kwa kuwa swichi hiyo ikiungua zote huwa hazina kazi.

Mtego mwingine ni programu. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft, zikiwemo za hospitali na viwanja vya ndege. Hakuna adui aliyeshambulia; ni kinga yenyewe iliyopata kasoro, ikafika kila mahali kwa pamoja. Fayawoli mbili za aina moja zinaposasishwa dakika ile ile, hupata kasoro ile ile dakika ile ile. Sasisho lianze kwa ile iliyo akiba, litazamwe kwa muda, ndipo ile ya kazini ifuate. Kutosasisha kabisa si suluhisho, kwa kuwa fayawoli ya zamani ina nyufa ambazo wadukuzi wanazijua.

Kanuni zote zinazowekwa kwenye laini ya kwanza ziwekwe pia kwenye ya pili. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Laini ya akiba hufungwa kwa haraka siku ya dharura, mlango wake ukaachwa wazi "kwa sasa," na "kwa sasa" hiyo ikadumu miaka. Kama zahanati hutuma kumbukumbu makao makuu kupitia njia ya siri iliyofungwa kwa msimbo, njia hiyo itengenezwe mapema kwenye laini zote mbili, kwa kuwa anwani ya kituo kwenye intaneti hubadilika laini inapobadilika.

Kubadilisha njia bila kuyumba

Fayawoli hutambua vipi kwamba laini imekufa? Kosa la kawaida ni kuiagiza itazame modemu iliyo hapo ukutani. Modemu inaweza kuwa nzima ilhali faiba imekatika kilomita 20 mbele. Fayawoli iagizwe kuuliza hali kwa seva mbili au tatu zilizo mbali. Ikiuliza kila baada ya sekunde 5 na kukosa jibu mara tatu mfululizo, itahamia laini ya pili ndani ya takribani sekunde 15. Mtu aliye kwenye dirisha la malipo huenda asigundue.

Kurudi kwenye laini ya kwanza kusifanywe kwa haraka hiyo. Laini inayokatika na kurudi kila dakika huvuruga kazi kuliko iliyokufa. Fayawoli ingoje mpaka laini itulie kwa dakika kadhaa ndipo irudi.

Laini ya akiba mara nyingi huwa nyembamba kwa sababu ya gharama. Kwa hiyo ipangwe mapema nani apite kwanza. Hospitalini, uthibitisho wa uanachama, kumbukumbu za wagonjwa na majibu ya maabara yatangulie. Video, masasisho makubwa ya kompyuta na mtandao wa wageni visubiri. Bila mpangilio huo, mtu mmoja anayetazama mechi kwa simu anaweza kuijaza laini ambayo daktari anaitegemea.

Mwisho ni majaribio. Angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, laini ya kwanza ichomolewe makusudi, saa isiyo na wagonjwa wengi, na ipimwe huduma ilichukua muda gani kurudi. Jaribio liandikwe kwenye daftari: tarehe, aliyelifanya na kilichoonekana. Watu wasiopungua wawili wajue nywila na hatua za kufuata, kwa kuwa fundi mmoja tu akiwa likizo, naye ni laini moja isiyo na akiba.

Pale njia zote zinapokatika

Kila mpango una mwisho wake. Laini zote zinaweza kupotea, na kituo kinapaswa kuwa na njia ya tatu isiyohitaji stima: fomu za karatasi. Fomu ziwe zimechapishwa tayari na zihifadhiwe kwenye kabati linalofungwa, na wafanyakazi wajue nani ataingiza taarifa kwenye mfumo huduma ikirudi. Mgonjwa wa dharura asirudishwe nyumbani kwa sababu kompyuta haijajibu.

Fomu hizo pia humwondolea mfanyakazi kishawishi cha hotspot ya simu yake. Anayejua la kufanya kwa saa mbili bila mtandao hatafungua mlango wa nyuma. Kama simu ni lazima itumike, itumike modemu ya kituo, iliyofungwa nyuma ya fayawoli na inayojulikana na idara ya mawasiliano.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na pia aweze kurejesha upatikanaji wake kwa wakati baada ya hitilafu. Taarifa zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya madhara kwa wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Ulinzi na upatikanaji vyote ni wajibu. Kimoja hakiwezi kutumiwa kama kisingizio cha kukosa kingine.

Kwa shule, Sacco na biashara ndogo

Kanuni hizi zinawahusu pia wenye duka, saiba, Sacco na shule, na nyingi hazihitaji fedha nyingi. Anayetumia faiba anaweza kununua ruta inayopokea laini ya simu, na achague kampuni tofauti na ya faiba. Ruta hiyo ibadilishwe nywila iliyotoka nayo kiwandani. Iwekewe betri ndogo, ichomekwe mahali penye kinga ya radi, na mtandao wa wateja utenganishwe na kompyuta ya hesabu. Mara moja kwa mwezi faiba ichomolewe kwa dakika tano ili kuona kama laini ya simu inachukua kazi, na kama salio la bando bado lipo. Laini ya akiba isiyo na bando ni ndoo isiyo na kitako.

Mwananchi aulize nini?

Vifaa vya mtandao katika ofisi za umma hununuliwa kwa fedha za umma, na Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya ushirikishaji wa umma vinapoitishwa, au mwakilishi wadi anapokutana na wakazi, maswali haya matano yanafaa kuulizwa kuhusu kituo chochote cha umma:

1. Kituo kina laini ngapi za mtandao, na je, zinapita kwenye mtaro au nguzo moja?
2. Laini ya akiba inapita kwenye fayawoli, au inazunguka nyuma yake?
3. Stima ikipotea, vifaa vya mtandao vitaishi saa ngapi?
4. Mara ya mwisho laini ya akiba ilijaribiwa lini, na matokeo yameandikwa wapi?
5. Mtandao ukipotea kabisa, mgonjwa au mteja atahudumiwa kwa utaratibu gani?

Swali la gharama huwa linaulizwa kwanza: kwa nini kulipia kila mwezi laini inayolala? Hesabu yake ifanywe dhidi ya siku moja ya huduma iliyosimama: madai ya malipo yaliyochelewa, ada ambazo hazikukusanywa, na nauli za watu waliokuja bure. Kila kituo kinaweza kuifanya kwa takwimu zake chenyewe, na kuamua ukubwa wa akiba kinayoihitaji.

Wakazi wana mchango mwingine wa moja kwa moja. Anayechimba msingi, mtaro au shimo la nguzo kando ya barabara aulize kwanza kama kuna faiba chini. Takataka zisichomwe juu ya vifuniko vya mashimo ya nyaya wala chini ya nguzo zilizobeba faiba. Anayeona waya umening'inia au kifuniko kimeibwa atoe taarifa kwa chifu, kwa ofisi ya wadi au kwa kampuni yenye jina kwenye nguzo. Waya unaokatika pembeni ya shamba unaweza kuwa ndio unaomuunganisha mgonjwa wa hospitali ya jirani na huduma anayoingojea.